Uso wa Datsun, Mgongo wa Pijo

Kampuni ya Hasegawa ya Japani imewahi kutoa kisanduku chenye Datsun 240Z ndani yake, vipande vya plastiki vilivyoshikana kwenye fremu, kila kimoja na nambari yake. Ni lile gari la Edgar Herrmann na Hans Schüller lililoshinda rali ya Safari ya 1971, likiwa limepunguzwa mara 24. Mnunuzi hupata pia stika za kubandika milangoni na karatasi ya maelezo inayomwonyesha kipi kinatangulia kipi. Mtu wa Osaka au wa Leeds aliyeunganisha kisanduku kama hicho ujanani anaweza leo kulitoa gari kabatini, kulifungua taratibu, kukwangua gundi ya zamani na kulijenga upya likapendeza kuliko mwanzo. Akikwama, anaifungua karatasi.

Sisi wa Mathira, chini ya Mlima Kenya, tuliipata Safari yenyewe, tope lake likatufikia mashavuni, ila kisanduku hatukukiona. Tulichokuwa nacho ni waya.

Gari langu lilipatikana juu ya itara tulipokuwa tukibomoa jiko la zamani la Mama, juu kidogo ya Karatina. Kwa asiyekulia huku mlimani, itara ni ile dari ya miti iliyo juu ya mafiga, pa kukaushia kuni. Kijana aliyepanda kuzishusha kuni alilitupa chini pamoja na takataka nyingine, na kaka yangu mkubwa akaliokota akidhani ni mtego wa fuko. Mama ndiye aliyelitambua. "Si hiyo ni motokaa yako," aliniambia, kisha akaongeza, bila haya yoyote, kwamba limemfaa sana. Miaka yote hiyo, kila alipohitaji ndoano au kitu cha kufungia, alipanda akakata kidogo. Boneti ilikwenda kushika mpini wa karai. Mlango wa kulia uligeuka ndoano ya birika. Bampa ya nyuma ndiyo iliyokuwa ikifunga banda la kuku, na bado ipo hapo, na nimekatazwa kuigusa.

Nilitarajia kutu. Waya wa aina ileile ulioachwa kwenye ua wa shamba umeliwa ukaisha. Ukiugusa unabakiwa na unga mwekundu vidoleni. Wa gari ulikuwa mweusi tititi na mzima. Moshi wa kuni una lami yake, na lami hiyo, ikitua jioni baada ya jioni, hukivika chuma ganda ambalo unyevu haulipenyi kirahisi. Joto la mafiga nalo halikuuacha umande ukae, jambo kubwa katika nchi hii ambako ukungu wa Julai hushuka mpaka kizingitini. Kutu niliikuta mahali pamoja tu, nyuma kushoto, chini ya bati lililokuwa likivuja. Wenye kazi ya kuhifadhi vyuma vya kale hununua mafuta na nta ili wapate ulinzi wa namna hiyo. Mama aliutoa bure akipika githeri.

Basi nikalilaza mezani na kuanza kulisoma kabla ya kulishika kwa plaizi. Chesisi ni waya mnene wa ua, ule uliopakwa zinki, umekunjwa mstatili mmoja. Ncha zake hazikukatwa kwa chombo. Zimemong'onyoka, maana tuliukunja waya huku na huku juu ya jiwe mpaka ukachoka wenyewe. Viungo vyote vimefungwa kwa nyuzi zilizofumuliwa kutoka nyavu chakavu za meza za kuanikia kahawa, kisha vikakazwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli. Taa ni vifuniko vya soda. Nambari ya mlangoni ilikatwa kwenye mkebe wa Kimbo, na ukiigeuza upande wa pili bado unaona rangi za mkebe. Magurudumu ni nyayo za ndara. Kutoka ekseli ya mbele unapanda waya mrefu hadi usawa wa kiuno cha mtoto, na mwisho wake usukani wa mviringo, ili dereva akimbie nyuma ya gari lake huku akilielekeza. Watoto wa sehemu nyingi za Afrika wametengeneza magari ya jinsi hii. Malawi huyaita galimoto. Lakini sijui mahali pengine ambapo mtoto angeweza kumwona dereva bora wa dunia akipita chini ya mgomba wa bibi yake.

Safari ilianza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Kufikia utoto wangu malkia alikuwa amesahaulika, na rali ilikuwa mali ya Pasaka na ya mvua za masika, ambazo ndizo zilizoipa sifa. Mwaka 1963 ni magari 7 tu yaliyofika mwisho, na 1968 yakawa 7 tena. Miaka ambayo njia ililetwa kuuzunguka mlima, Embu, Meru, Nanyuki, Nyeri, hata katekista alijua kwamba ibada ya Ijumaa Kuu ingekuwa na nafasi nyingi za kukaa. Wazee walimshabikia Joginder Singh, makanika mzaliwa wa Kericho, aliyeshinda 1965 kwa Volvo PV544 kisha 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Sisi wadogo tulikuwa wa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, aliyechukua Safari mara 5: 1973, halafu mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, mara zote ndani ya Datsun. Ukienda kuchota maji ulikwenda kama Mehta. Ukirudi na mtungi mtupu ulikuwa umepata pancha.

Kwa hiyo gari langu lilikuwa Datsun ya Mehta. Ndivyo nilivyowasimulia watu tangu nikiwa shule, na ndivyo nilivyoamini nilipolilaza mezani. Waya zina habari yake nyingine.

Uso ni wa Datsun, hilo halina ubishi. Umenyooka, una pembe, na juu ya bampa zimepangwa taa nne kubwa kuliko inavyostahili. Pembeni ya kioo umesimama waya mwembamba wa eriali. Mlango wa mbele una nambari yake. Lakini ukiupita huo mlango, gari linaanza kuwa kitu kingine. Datsun ya Mehta ilikuwa na buti. Langu halina buti. Paa linaendelea moja kwa moja hadi nyuma kabisa, kuna dirisha la tatu, refu, na mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu, umetundikwa kwa pete mbili za waya ambazo hadi leo hazijakwama. Juu ya paa kuna keria. Keria kubwa, yenye ukingo, ya kubebea magunia ya kabichi. Sijasikia mtu aliyeshinda Safari akiwa na keria ya kabichi.

Huo ni mgongo wa Pijo. Peugeot 504, ile ndefu ya viti vya safu tatu, iliyokuwa ikitoka stendi ya Karatina na ya Nyeri kwenda Nairobi ikiwa imejaa hadi dereva akaendesha kwa bega moja.

Nilipoliwaza jambo hilo nilielewa lilivyokuja. Gari la rali ulilisubiri tangu asubuhi, ukiwa juu ya ukingo wa barabara iliyochimbwa ubavuni mwa mlima. Kwanza helikopta, halafu mlio, halafu taa nne zikichomoza kwenye kona, zikikutazama wewe. Uso wake uliuona. Ukaona mlango ulipopita, na nambari. Baada ya hapo ilikuwa ni tope, moshi, na watoto waliorukia mtaroni. Mgongo wa gari la Mehta hakuna aliyeuona kijijini kwetu. Pijo nayo ilikuwa kinyume. Mbele yake hatukuwa na shughuli, ilikuwa ya dereva na wazee. Watoto tulisimama nyuma, macho yetu yakiwa sawasawa na kitasa cha ule mlango wa juu, tukingoja mizigo ipangwe na shangazi apande. Na ilipoondoka tuliikimbilia mpaka pumzi zikatuishia. Mgongo wa Pijo ningeweza kuuchora gizani.

Kwa hiyo mtoto yule hakuwa akibuni, na wala hakuwa akidanganya. Aliweka kila alichokiona mahali alipokiona. Palipokosekana kitu alitia kile alichokijua zaidi, akakifunga kwa utepe wa tyubu, na kiungo kikashika. Nimekitafuta kiungo chenyewe, mahali ambapo Datsun inakuwa Pijo. Kipo kwenye nguzo ya katikati ya milango, na ni kiungo imara kuliko vyote.

Hapo ndipo ukarabati ulipoanza kuwa mgumu. Mpwa wangu, anayesoma uhandisi pale Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, alikuja na futi ya chuma na simu. Ndani ya simu mlikuwa na picha za Datsun ya 1982 kutoka kila upande, mgongo ukiwemo. Alipima, akaandika, akacheka. Kisha akanyamaza. Pijo ndefu ina urefu wa mita 4.80, na kati ya ekseli mna mita 2.90. Gari langu, lililopimwa kwa shubiri na jicho, linaukaribia sana uwiano huo. Paa ni jembamba mno, magurudumu ni makubwa mno, lakini mkao wa gari, namna linavyokaa juu ya miguu yake, uko sawa. "Anko, tukiitoa hii nyuma yote," alisema, "naweza kukutengenezea Datsun kamili. Hata gurudumu nazichapa kwa printa." Alisema kwa heshima, na angeweza kweli. Na gari lingependeza.

Nilikataa, na sababu yangu haikuwa majonzi ya mzee juu ya utoto wake. Picha za Datsun zipo tele. Kila mwenye simu anazo. Kitu ambacho hakuna simu inacho ni jinsi Datsun ilivyoonekana na mtoto aliyesimama juu ya ukingo wa Mathira mwanzoni mwa miaka ya 80, aliyekuwa na muda wa kuona nusu yake tu. Hicho kimeandikwa kwa waya, na nakala yake ni moja. Kukarabati si kusahihisha mtihani. Nikilisahihisha, ninabaki na mfano mbaya wa gari ambalo Hasegawa wangeweza kunitengenezea vizuri zaidi.

Hata hivyo gari lenye boneti iliyokwenda kwenye karai haliwezi kubaki hivyo. Palikuwa na kazi ya kufanya, na boneti ilinifundisha kuliko sehemu nyingine. Sikuwa na mchoro wala picha, na kumbukumbu yangu nilikwisha kuiona thamani yake. Lakini Mama alipokata hakung'oa. Alikata kwa panga, akaacha visiki. Kisiki cha waya kina habari. Kinakuonyesha waya ulikuwa ukielekea wapi ulipokatwa, na kama ulikuwa umeanza kupinda. Kulikuwa na visiki vinne mbele ya kioo na viwili nyuma ya taa. Ukivifuata vyote kwa uzi, vinakutana kwenye mstari mmoja tu unaowezekana, na huo ndio boneti. Ilitokea ya juu kidogo, yenye mgongo. Nadhani hapo pia mtoto alichungulia Pijo.

Waya wa kuzibia niliununua dukani Karatina, wa kupimwa kwa kilo, unaong'aa. Mpwa wangu alitaka tuuanike juu ya moto mpaka ufanane na wenzake. Nimeuacha uking'aa. Atakayelitazama gari ajue kipi ni cha mtoto na kipi ni cha mtu mzima aliyekuja baadaye. Masizi nayo sikuyasugua. Nilipitisha kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo kuondoa buibui na vumbi la kuni, basi. Pale penye kutu tu ndipo nilipotumia brashi ya waya na siki, nikafuta, nikapaka nta ya mshumaa iliyoyeyushwa.

Kuna jambo kuhusu Pijo ambalo sikulijua nilipokuwa nikiikimbilia. Nazo zilitoka kwenye visanduku. Peugeot 504 zilikuja kutoka Ufaransa zikiwa vipande, zikaunganishwa Mombasa kwa karatasi ya maelezo ya watu wengine, na kazi hiyo iliendelea mpaka 2004. Kiwanda cha Thika kilifanya vivyo hivyo na malori ya Leyland. Nchi nzima ilikuwa ikijenga mifano, ila ya ukubwa kamili. Nami nilikuwa sekondari wakati Rais Moi alipokiambia Chuo Kikuu cha Nairobi, 1986, kitengeneze gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya, hata likiwa la polepole. Ndiyo miaka ileile ambayo mfumo wa 8-4-4, ulioanza 1985, ulikuwa ukiwapa wadogo zetu wa shule ya msingi somo la Sanaa na Kazi za Mikono. Wakawa wanapewa maksi kwa magari ya waya ambayo sisi tulichapwa kwa kuyaleta darasani.

Nyayo Pioneer, jibu la agizo hilo la Moi, zilitoka 1990, magari matano, na moja lilisemekana kufikia kilomita 120 kwa saa. Zilichekwa sana. Nilicheka pia, kwa kuwa kila mtu alikuwa akicheka. Leo, baada ya kukaa na gari langu, ninazitazama picha za Pioneer kwa jicho jingine. Mtu anayetengeneza gari bila kisanduku atatia humo kila alichowahi kuona, na macho ya watu yatakimbilia pale penye kiungo. Kilichoiua Pioneer hakikuwa sura yake. Pesa za kuitengeneza kwa wingi hazikupatikana, na shirika la Nyayo likaishia kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha kuchonga vipuri. Vipuri vya magari ya wengine, mara nyingi.

Magurudumu yalinipeleka kwa fundi viatu. Mawili ya kulia yalikuwa mazima. Ya kushoto yalikuwa yamekauka yakapasuka, na sikutaka kuyawekea ndara za siku hizi, ambazo ni povu tupu. Gari huruka juu yake kama mbuzi. Nilihitaji ule mpira mzito wa zamani. Fundi mmoja wa Karatina ana gunia la nyayo kuukuu chini ya benchi lake, hatupi kitu. "Mzee," aliniuliza, "unataka za kuvaa ama za kutazama?" Nilipomwonyesha gari aliweka kando kiatu cha watu alichokuwa akishona. Alichagua unyayo wa buluu uliolika kisigino, akaukata miduara miwili kwa kisu chake bila kupima, na bila kuombwa akachora kashata pembeni, za tairi la matope. Alizipachika kwenye ekseli mwenyewe. Kisha alilisukuma gari juu ya benchi, akabadilisha gia kwa mdomo, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na alipofika kona alipiga ile breki ya Datsun sawasawa kabisa, ile ya kukohoa. Ana umri wangu. Hakutaka pesa ya kazi, alitaka ya mpira tu, na hiyo alinitoza ghali.

Safari ya dunia ilirudi Kenya 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, lakini makao yake sasa ni Naivasha na haizunguki mlima. Magari ya enzi zile yanakimbizwa bado katika Safari Classic, iliyoanza 2003. Björn Waldegård, aliyeshinda Safari ya 1977 kwa Ford Escort, alirudi akaishinda Classic mara mbili akiwa mtu mzima wa mvi. Huko mtu hutumia pesa za nyumba nzima kuirudisha Escort au Datsun ilivyokuwa. Siwabezi. Ila nadhani kazi yao ina raha moja ambayo mimi sikuwa nayo: wanajua gari lao lilikuwa gari gani.

Limebaki suala la usukani. Kaka yangu, ambaye siku ile aliona mtego wa fuko, alipoliona gari likiwa limesimama kwa magurudumu manne alikumbuka ghafla kwamba ule waya mrefu ulikuwa wake. Anasema aliutoa kwenye gari lake mwenyewe, Lancer ya Joginder, akaniazima kwa wiki moja. Mama, alipoulizwa, alisema ni kweli kulikuwa na ugomvi juu ya waya, ila hakumbuki ulikuwa waya upi, na kwamba wote wawili tulichapwa. Nimeuchunguza. Umefungwa kwa fundo ambalo halipo mahali pengine popote kwenye gari, na mkono wangu haulijui. Kwa hiyo gari linakaa kwangu Nyeri, usukani umekwenda kwake Nanyuki, na atakayetaka kuliendesha ni lazima kwanza apande matatu.